Miisho sita ya BoJack Horseman: uangalie upi kwanza, upi uuwache kwa baadaye

Kwenye BoJack Horseman, ile tamthilia ya katuni ya Kimarekani, sehemu ya 11 ya kila msimu ndiyo inayopiga, na ya 12 huja kukujulia hali. Mtindo huo umeshikwa tokea msimu wa kwanza uliotoka Agosti 2014 mpaka wa mwisho uliomalizikia Januari 31, 2020, isipokuwa msimu wa sita una sehemu 16 na kwa hivyo pigo limesogea hadi ya 15. Ukikaa na watu waliokwisha kuiona, kila mmoja atakutajia pigo lake: huyu ile ya mama mtu, yule ile ya kuba la nyota, mwengine ile karamu ya wafu. Sehemu inayofuata haitajwi. Hapo ndipo wanapokupoteza, kwa sababu mapigo yote sita yanauma, lakini kile unacholala nacho baada ya kuzima simu hutoka kwenye hiyo inayofuata, na hizo zinatofautiana sana.

Naandika kwa ajili ya mtu mwenye jioni moja. Tamthilia nzima ina sehemu 77 ukiihesabu na ile ya Krismasi, na nyingi ni za kiasi cha dakika 25. Si kila mtu ana bando la kuzimaliza, wala hamu. Jozi moja ya kufungia msimu haifiki saa nzima au inazidi kidogo tu. Unaweza kuiweka baina ya Isha na kulala, na asubuhi ukajua kama farasi huyu anakufaa au umwache. Wako watakaosema ni dhambi kuanza hadithi mkiani. Hao wana wakati.

Kwa asiyeijua kabisa: BoJack ni farasi anayekwenda kwa miguu miwili, anavaa sweta, anaishi kwenye jumba la kilimani mjini Los Angeles. Miaka ya tisini alikuwa nyota wa kipindi cha vichekesho vya familia. Sasa ana pesa, ana chupa, hana kazi. Katika ulimwengu wake watu na wanyama wanapanga nyumba pamoja, wanaoana, wanashitakiana. Wakala wake, Princess Carolyn, ni paka wa waridi asiyelala. Mr. Peanutbutter, mshindani wake asiyejua kuwa ni mshindani, ni mbwa. Diane Nguyen, mwandishi, ni mtu. Todd, kijana anayelala kwenye kochi la BoJack, naye ni mtu, ingawa ndiye mwenye akili za ajabu kuliko wanyama wote. Aliyeiunda ni Raphael Bob-Waksberg, na sura za wahusika zilibuniwa na Lisa Hanawalt, ambaye huchora vichekesho vidogo kila pembe ya ukuta hata ukaanza kurudisha nyuma ili usome mabango.

Tahadhari moja kabla hatujachagua. Huku kwetu Unguja katuni bado ni kitu cha mtoto aliyetoka skuli akasubiri chakula. Hii siyo. Ina ulevi, unga, matusi mazito, mambo ya kitandani, na kujiua kunazungumzwa bila pazia. Usiifungue ukumbini huku bi mkubwa anapita na wajukuu wamekaa mkekani ati kwa kuwa wamemuona farasi na paka. Mji huu umezoea sinema za kukaa wengi, tokea zama za Majestic ya Vuga na Cine Afrique mpaka tamasha la filamu la ZIFF, ambalo tokea 1998 limekuwa likituweka Ngome Kongwe chini ya mbingu, na tunajua kuna filamu ya umati na filamu ya peke yako. Jozi nyingi za hapa ni za peke yako, au za wawili wanaoweza kunyamaza pamoja.

Wa nne, na kwa nini si wa tatu

Nikibanwa nitaje moja, nataja msimu wa nne, wa Septemba 2017. Najua wengi wanautaja wa tatu, wa Julai 2016. Hiyo ndiyo mizani yenyewe khasa, kwa hivyo nitaiweka pande zote mbili.

Sehemu ya 11 ya msimu wa nne inaitwa Time's Arrow. BoJack anampeleka mama yake, Beatrice, kwenye nyumba ya wazee. Bibi ana ugonjwa wa kusahau. Sisi hatumuangalii kutoka nje. Tumeingizwa ndani ya kichwa chake, na kila kinachoonekana ni kile alichobakiwa nacho. Watu asiowakumbuka hawana nyuso, ni mayai matupu yanayosema. Maandishi ya dukani hayasomeki. Miaka inaingiliana, akifungua mlango wa 1963 anatokea utotoni. Yuko mtumishi mmoja ambaye uso wake umechorwachorwa kwa hasira, mistari juu ya mistari, na hapo ndipo unaposhituka: huyu Beatrice hakumsahau, huyu ameamua kumfuta.

Sitaeleza yote, ila mfupa wa hadithi ni huu. Beatrice alikuwa mtoto wa tajiri, baba yake alimchomea mwanasesere wake alipougua homa ya vipele vyekundu. Akakua akaolewa na mwandishi asiyefanikiwa, wakazaa BoJack, wakachukiana. Kisha mume akampa mimba mtumishi, na Beatrice ndiye aliyemsukuma yule binti amtoe mtoto alelewe na wengine. Picha ya mtoto kuondoshwa na picha ya mwanasesere kuungua zinawekwa moja juu ya nyengine, na hakuna anayekutafsiria. Uovu wa mzee mmoja umetembea miaka mingi ukafika kitandani kwa msichana ambaye hakuwa na kosa la maana.

Na sasa mtoto wa yule mtumishi, Hollyhock, ni yule yule msichana ambaye BoJack msimu mzima alidhani ni binti yake. Kumbe ni dada yake.

Mtu wa huku ataiangalia sehemu hii kwa jicho jengine. Tuna nyumba za wazee Sebleni na Welezo, lakini mtu kumpeleka mama yake huko bado ni jambo la kunong'onezwa. Tumelelewa na ile aya ya kutowaambia wazazi hata "uff". BoJack amemwambia wake zaidi ya uff. Msimu mzima amekuwa akisubiri siku moja tu ambayo mama atamtambua, ili amtukane akiwa anajua nani anamtukana. Siku hiyo inafika. Bibi anamtambua, hajui yuko wapi, anaogopa. Na mwana, ambaye hana sababu hata moja ya kumsitiri, anamdanganya: wako nyumbani kwa wazee wake kando ya ziwa, familia nzima iko, wanakula aiskrimu. Anamuuliza kama anaisikia ladha yake. Bibi anasema ni tamu.

Sijaona katika katuni yoyote tendo la wema lililo gumu kama hilo, wala lisilo na malipo kama hilo. Hatamsamehe. Hasemi kuwa amemsamehe. Anampa aiskrimu ambayo haipo.

Halafu inakuja ya 12, What Time Is It Right Now, na hapa ndipo msimu wa nne unapouzidi wa tatu. BoJack, ambaye kwa kawaida hufanya wema ikiwa kuna mtu wa kumpigia makofi, anaondoka kumtafuta mama mzazi wa Hollyhock, anampata, anamtumia msichana habari zake bila kudai kitu. Hollyhock ana baba wanane (ndiyo, wanane, wanaume wanane waliomlea kwa pamoja, na mzaha huo wameukamua mpaka tone la mwisho), kwa hivyo baba mwengine hamhitaji. Lakini anampigia simu, na katikati ya mazungumzo anasema jambo moja: hajawahi kuwa na kaka. Tunauona uso wa BoJack. Kisha basi, imekwisha.

Ni mwisho ambao umefika kwa njia ya haki, kwa sababu umelipiwa na sehemu iliyotangulia. Pembeni yake ndoa ya Diane na Mr. Peanutbutter inapasuka kimya kimya: mume amemjengea mke maktaba aliyoiota tokea utotoni, na mke analia, si kwa furaha. Kwa hivyo si sukari tupu.

Sasa weka msimu wa tatu ubavuni mwake. Sehemu ya 11, That's Too Much, Man!, inamhusu Sarah Lynn, aliyekuwa mtoto nyota katika kile kipindi cha zamani cha BoJack. Amekaa miezi tisa bila ulevi wala unga. BoJack amekosa kuteuliwa kwa tuzo aliyoitaka, anampigia simu waende wakalewe. Sarah Lynn hasiti hata kidogo. Kinachofuata kimeshonwa kwa fundo la ustadi: kila BoJack anapozimika, nasi tunazimika. Sentensi inaanzia chumbani inamalizikia garini. Hujui siku ngapi zimepita, kwa kuwa naye hajui.

Aliyewahi kuwa na ndugu kwenye soba hausi, nyumba ya kuachia ulevi na unga, ataitambua sehemu hii kabla haijafika nusu. Atalitambua duara la viti, na ile hatua ya kuwarudia uliowakosea ukawaombe radhi. BoJack anaichukua hatua hiyo kama mtu anayeokota chenji: anazunguka na Sarah Lynn mlango kwa mlango akiomba radhi, amelewa, anawaamsha watu vidonda vyao, na kila radhi ni kwa ajili ya yeye kujihisi mwepesi. Kisha wanaishia kwenye chumba cha hoteli ya njiani. Kwenye televisheni Sarah Lynn anashinda Oscar, yuko kitandani na nywele timtim. Halafu unga, ambao kwa mzaha mweusi kabisa umepewa jina la BoJack. Halafu lile kuba la nyota, ukumbi wa kutazamia nyota, alilolitamani tokea mwanzo wa sehemu. Anasema anataka kuwa msanifu majengo. BoJack anamwita. Anamwita tena.

Kwa pigo tupu, wa tatu unaushinda wa nne. Nakubali bila kubishana. Ni mfupi wa maneno, una kasi, na hauhitaji ujue mengi: mtu mzima aliyemlea mtoto kwenye umaarufu ndiye anayemmaliza.

Lakini ya 12, That Went Well, inakuacha kando ya barabara. BoJack anajaribu kufanya kipindi kipya na watoto. Msichana mdogo kwenye seti anamwambia anataka awe maarufu kama yeye, naye anatimua mbio. Anaendesha gari jangwani, anazidisha kasi, anauachia usukani, anafumba macho. Kinachomsimamisha ni kundi la farasi wanaokimbia mbugani, farasi kama yeye, bila nguo, bila mwenye kuwatazama, huku Nina Simone akiimba. Ni picha kubwa. Ila haimfariji mtu. Inakwambia tu kwamba leo hakufa. Ukiwa mwenyewe uko katika kipindi kizito, yakhe, usiichague hii kwa sababu tu watu wameisifu. Isubiri.

Cha ajabu ni kwamba sehemu hiyo hiyo ndiyo yenye kichekesho bora kuliko vyote katika miisho sita. Msimu mzima Mr. Peanutbutter amekuwa akirundika vichujio vya tambi nyumbani kwake bila sababu yoyote ya kueleweka. Unadhani ni upuuzi wa mbwa. Basi mji wa chini ya bahari unakabiliwa na meli iliyojaa tambi, na vichujio vile, vikibebwa na madereva walio nyangumi, vinauokoa. Nilicheka kwa sauti, na dakika chache baadaye usukani ukaachiwa. Kuna watakaosema huko ni kuchanganya pilau na halua. Mimi naona ndiyo sababu ya tamthilia hii kuwepo, lakini mchezo huo una ladha kwa mtu aliyeviona vichujio tokea mwanzo. Mwenye jioni moja atauliza vichujio vya nini.

Kwa hivyo, kwa mgeni: wa nne. Na kama unaweza kuongeza nusu saa, tangulia kuiangalia sehemu ya pili ya msimu huo huo, inayosimulia utoto wa Beatrice na msiba uliompata mama yake. Jozi inakuwa tatu, lakini pale mwanasesere atakapotupwa motoni utajua kinachoungua.

Wa kwanza na wa pili

Hizi ni jozi za tamthilia ambayo bado inajipima sauti.

Katika ya 11 ya msimu wa kwanza, BoJack hakukipenda kitabu ambacho Diane amemwandikia kuhusu maisha yake, anajifungia akiandike upya mwenyewe, na badala ya kuandika anabugia kila aina ya dawa. Njozi zinamuonesha maisha ambayo angeishi Maine na Charlotte, mwanamke aliyempenda zamani: nyumba, binti, ukimya. Anazinduka, anaishia mbele ya ukumbi uliojaa watu akimwomba Diane amwambie kuwa kwa ndani kabisa yeye ni mtu mwema. Diane ananyamaza.

Jibu lake linakuja sehemu ya 12, wakati BoJack ameshapata kila alichokitaka, tuzo kwa kitabu kile kile alichokikataa na nafasi ya kumwigiza Secretariat, farasi bingwa wa mbio na shujaa wa utoto wake. Diane anasema haamini habari ya "ndani kabisa". Anaona mtu ni yale anayoyatenda tu. Sisi tuliosomeshwa chuoni kwamba amali huenda na nia tutakuwa na la kumjibu Diane, na ubishi huo peke yake unatosha kuliwasha baraza mpaka kahawa ipoe. Kama unataka jozi ya kujadiliana, na isiyokulaza na jiwe kifuani, hii inatosha. Vichekesho vyake si vikali kama vya baadaye, na mwendo una kusuasua.

Msimu wa pili ni kinyume: pigo kali, marhamu nyingi mno. BoJack anakimbilia New Mexico kwa yule yule Charlotte, ambaye sasa ana mume na watoto wawili. Amekuja kwa siku moja, anakaa miezi miwili kwenye boti aliyoiegesha mbele ya nyumba yao. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hawakumpa jembe, walimpa nafasi mezani, na akawa anamfundisha gari binti yao Penny, mwenye miaka 17. Unajua inakokwenda na unaomba isifike. Kinachotisha ni ulaini wake: hakuna hatua hata moja ambayo BoJack mwenyewe angeiita ovu, mpaka mama mtu anapofungua mlango wa boti. Mwenye mabinti nyumbani anaweza kuzima hapo hapo, na sitamlaumu.

Sehemu hiyo inasimama peke yake vizuri kuliko zote, hata wanaoigiza familia ya Charlotte wameanzishiwa wimbo wao wa mwanzo kama kipindi kipya. Tatizo ni ya 12. Todd ametekwa na genge la wachekeshaji wa papo kwa papo kwenye meli, BoJack anakwenda kumuokoa, na mwisho anakimbia kupanda kilima mpaka analala chini akihema. Nyani mmoja mzee, ambaye tumemuona akikimbia tokea mwanzo, anamwambia kwamba huwa rahisi, kila siku huwa rahisi kidogo, lakini lazima ufanye kila siku, na hapo ndipo penye kazi. Maneno mazuri, yamezungushwa mitandaoni hata yamechujuka. Lakini mtu aliyetoka kuivunja nyumba ya watu anapewa faraja ya nyani kabla hajatoa hata senti moja ya fidia. Tamthilia yenyewe ililijua deni hilo na ikalirudia katika msimu wa sita. Anayeangalia jozi hii tu ataondoka akidhani limefutwa.

Wa tano, kwa ufupi

Usianze nao. Sehemu ya 11 inamkuta BoJack amezama kwenye vidonge vya maumivu baada ya kuumia kazini, anaigiza mpelelezi ambaye nyumba yake kwenye seti inafanana na nyumba yake mwenyewe, na hajui tena yuko wapi. Bila ya kuujua msimu mzima, hata wewe hutajua, na si kwa namna ya ufundi bali ya kuchosha. Mwisho wake anamkaba koo Gina, mwigizaji mwenzake, mbele ya kamera.

Sababu ya kuirudia baadaye ni ya 12. Gina anakataa jambo lile litangazwe. Amepigania kazi hii miaka mingi, na hataki kuwa yule mwanamke aliyekabwa na BoJack maisha yake yote. Tunaoishi penye desturi ya jambo la ndani limalizwe ndani tutaielewa hesabu yake haraka kuliko watazamaji wa Marekani, na ndiyo maana inatuhusu zaidi: sehemu ile inaonesha sitara hii nani anafaidika nayo, na nani anaibeba. Diane anampeleka BoJack mahali pa kuachia ulevi, na mlango unafungwa.

Wa sita ni wa waliotembea

Nimeona watu wakiipendekeza The View from Halfway Down, sehemu ya 15 ya msimu wa sita, kwa mtu asiyeona chochote, ati kwa sababu ndiyo bora kupita zote. Huenda ni bora. Lakini kumpa mgeni sehemu hii ni kumkalisha kwenye khitma ya watu asiowajua.

BoJack anaingia kwenye nyumba, meza imeandaliwa, na waliokaa wote wameshakufa: Sarah Lynn, rafiki yake Herb, ambaye BoJack alimsaliti zamani, mama yake, mjomba ambaye hakuwahi kumuona kwa kuwa alikufa vitani, na baba yake aliyevaa umbo la Secretariat. Kila mmoja ana chakula chake. Herb ana karanga, na anayekumbuka alivyokufa atajua kwa nini. BoJack ana vidonge na glasi ya maji ya bwawa la kuogelea. Maji meusi yanadondoka kutoka darini. Baada ya kula kila mmoja anapanda jukwaani, anaonesha kipaji chake, kisha anaingia kwenye mlango ambao ng'ambo yake ni kiza.

Secretariat anasoma shairi la mtu aliyejirusha darajani, linaloeleza alivyoona alipofika nusu ya njia, na kadiri beti zinavyosonga ndivyo anavyobadili nia, na mlango unamsogelea wakati bado anasoma. Mashairi tunayajua sisi. Hili limeandikwa kwa mtego: mizani yake ya mwanzo ni tulivu, na hofu inaingia kwenye vina vyenyewe kabla haijaingia kwenye maneno.

Mtazamaji wa huku atafikiria barzakh, na ni haki yake. Sehemu yenyewe inakataa. BoJack akimuuliza Herb kuhusu ng'ambo ya pili, Herb anamjibu kuwa hakuna ng'ambo. Unaweza kutokubaliana na Herb, mimi sikubaliani naye, na bado mkono ukatetemeka. Kwani kinachouma si itikadi yake. Kinachouma ni simu BoJack anayompigia Diane akiwa humo ndani, na kile Diane anachomwambia kuhusu simu hiyo.

Ya 16, Nice While It Lasted, ndiyo sehemu ya mwisho kabisa ya tamthilia, na imefanya jambo la kijasiri: haikufanya kikubwa. BoJack hakufa. Amefungwa, huku tungesema yuko Mafunzo, na ametolewa kwa muda mfupi ahudhurie harusi ya Princess Carolyn. Basi ni mazungumzo manne: na Mr. Peanutbutter, na Todd, na Princess Carolyn, na Diane. Kila moja limefika lilipofika kwa sababu ya sehemu sabini na zaidi zilizopita. Todd, aliyekuwa akilala kwenye kochi, sasa ndiye anayemtuliza mwenye kochi. Princess Carolyn anasema kwa upole kuwa kuna kazi hatamfanyia tena. Na Diane, juu ya paa, ambaye ameolewa na mtu mwengine na amehamia Houston, anazungumza naye kama mtu anayefunga hesabu bila ugomvi, kisha wanakaa tu. Kimya kile kinakwenda kirefu hata unaangalia kama mtandao umekata.

Ngano zetu zina kanuni ya kufungia: ikiwa njema ya wote, ikiwa mbaya ya msimulizi peke yake. Hapa haikutolewa. Hujui kama wataonana tena, na dalili zote ni kwamba hapana. Kwa aliyetembea nao miaka sita ni kipimo sahihi. Nilikuwa na hofu watampa ama kaburi ama maua, wakampa Jumatatu ya kawaida ya kurudi kifungoni. Kwa mgeni ni watu wanne wanaozungumza kwenye sherehe, na atasinzia.

Mashauri mawili kwa atakayefika huko kwa miguu yake. Zima ile tabia ya programu kurukia sehemu inayofuata kabla ya ya 15 kuisha, kwa sababu maandishi ya mwisho yanapopita kuna sauti, na sauti ile ni sehemu ya hadithi. Na usiangalie ya 15 usiku ukaiweka ya 16 kesho. Zipange pamoja, hata kama itabidi usubiri Ijumaa, au usubiri umeme urudi.